Kabla hujaisifia grafu yako ya ujazi wa fedha

Juzi kijana mmoja wa fildi alinigeuzia kompyuta yake, uso umenawiri kama bwana harusi. "Bi, hebu tazama." Nikatazama. Ujazi wa fedha wa Tanzania, yaani fedha zote zilizo mikononi mwa watu na kwenye akaunti zao benki, miaka 50 na ushei, mstari umelala chini kama mkeka mpaka karibu na miaka ya 2000, kisha umesimama wima kama mnazi. Chini yake kaandika: "Uchumi ulilala, kisha ukaamka ghafla." Nikamuuliza kilichouamsha. Alikuwa na sababu 5, na kila moja tamu kuliko mwenzake.

Nilishika kichwa. Kila Julai wanakuja wapya, kila Julai naonyeshwa mnazi ule ule. Mwaka huu nimeona niandike, wakija wengine niwape wasome wenyewe, mie ninywe chai yangu ikiwa bado moto.

1. Mhimili wa wima uwe wa logi, yaani kila hatua sawa ya kupanda iwe ni kuzidisha sawa: 10, 100, 1,000. Kitu kinachokua kwa asilimia 15 kila mwaka, bila kuongeza wala kupunguza mwendo, kwenye mhimili wa kawaida lazima kitaonekana kimelala halafu kimepaa. Hakuna aliyelala wala aliyeamka. Kwenye logi mstari huo unanyooka, na hapo ndipo unaweza kuona mahali mwendo ulipobadilika kweli.

2. Wastani wa ukuaji haupatikani kwa kugawa. Ujazi umetoka 100 ukafika 1,600 kwa miaka 20, na mtu ananiandikia: ongezeko 1,500, gawa kwa 20, asilimia 75 kwa mwaka. Yakhe! Kutoka 100 hadi 1,600 ni kujizidisha mara mbili, mara 4 tu. Mara 4 ndani ya miaka 20 ni kila miaka 5, na kinachojizidisha kwa miaka 5 kinakua kwa asilimia 15 hivi. Huhitaji hata kikokotoo. Na kuanzia 2000 hadi 2020 mistari kwenye faili ni 21 lakini vipindi ni 20. Kwa hili peke yake nimeshawarudishia watu kazi zaidi ya mara moja.

3. Zanzibar haina M3 yake, yaani ujazi wa fedha kwa maana pana, na amana za fedha za kigeni zikiwemo. Hili linawauma vijana wa hapa, nami naelewa. Kila mwaka yuko mmoja anayetaka kuandika "Ujazi wa fedha wa Zanzibar na bei ya karafuu", na mada inavutia wallahi, ila namba haipo. Tulikuwa na rupia yetu mpaka 1936, tulipoingia kwenye shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1965 mambo ya sarafu na mabenki yakaingizwa kwenye orodha ya mambo ya Muungano, na Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ikafungua milango. Tangu hapo shilingi ni moja na ujazi ni mmoja. Noti iliyotoka Kariakoo asubuhi, jioni inanunua pweza Darajani. Nani amesimama bandarini kuihesabu?

Mtego wenyewe ni kwamba bei na pato tunazo zetu. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar inatoa faharisi ya bei na pato la Zanzibar, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu inatoa za Bara. Basi kijana anachukua M3 ya Muungano mzima, anaigawa kwa pato la Bara peke yake, au anailinganisha na mfumuko wa bei wa Unguja, kisha anashangaa mbona uhusiano haueleweki. Umepima samaki mzima, bei umeuliza ya kichwa. Na ukishapata pato, tazama mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei zake ndizo zinazopimia pato: Bara ilipohamia kizio cha 2007, mwaka 2014, pato lilionekana kubwa zaidi kwa zaidi ya robo kwa siku moja. Uwiano wa M3 kwa pato ukashuka bila shilingi hata moja kutoka benki.

4. Jina la safu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipozikwa mie mwenyewe.

Nilikuwa na miezi 8 kazini. Mkuu wangu alitaka grafu ya ujazi wa fedha ya muda mrefu kwa ajili ya semina, na mie nikaona nyota yangu imewaka. Miaka ya nyuma nilikuwa nayo kwenye majedwali ya kudurufu, wino umefifia, vichwa vya safu vimekatwa na mashine. Miaka ya karibu nilikuwa nayo kwenye faili la Eksel nililopewa na mwenzangu. Usiku 2 nikakaa nachapa tarakimu, nikahakiki kila moja kwa rula na penseli. Nataka mjue hilo: sikukosea hata tarakimu moja.

Faili langu lilikuwa na safu ya M2 (fedha taslimu na amana za shilingi), safu ya amana za fedha za kigeni, na safu ya tatu inayojumlisha hizo mbili, niliyoipa jina "Ujazi". "Ujazi" tu. Majedwali ya zamani yalikuwa na M2 peke yake, kwa hiyo safu ya amana za kigeni kwa miaka ile ilibaki tupu. Eksel hailalamiki. Seli tupu inaijumlisha kama sifuri, inakupa jibu, inanyamaza kimya.

Ikafika ule mwaka ambao jedwali jipya linaanza, mstari ukaruka. Ukuaji wa mwaka ule ulikuwa karibu mara mbili ya majirani zake. Mtu mwenye akili angeshituka. Mie nilifurahi! Nikaandika kurasa 2 kuueleza mruko. Nikataja Sheria ya Fedha za Kigeni ya 1992 na maduka ya kubadilishia fedha. Nikataja mahoteli ya pwani ya mashariki yanayolipwa kwa dola, jamaa zetu wa Oman wanaotuma fedha nyumbani, hata karafuu nikaitia. Na jambo linaloniuma mpaka leo ni kwamba yote yale yalikuwa ya kweli. Mambo hayo yalitokea. Ila hakukuwa na kitu kilichoruka.

Siku ya semina mkuu wangu, maskini, alilitaja lile jambo kwenye maneno yake ya ufunguzi: "mruko wa kihistoria ambao mtaalamu wetu atatueleza." Nikaeleza. Dakika 20, bila karatasi. Watu wakawa wanaitikia kwa vichwa, sambusa zinapita.

Nyuma kabisa alikaa mzee mmoja, kofia ya kiua, mwavuli kaulaza mapajani. Mstaafu, aliwahi kuwa karani wa benki. Akanyanyua mkono.

"Mwanangu, hizo dola za watalii, mwaka uliotangulia hazikuwepo?"

"Zilikuwepo mzee wangu, ila kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Nikalifungua faili ukutani, mbele ya watu wote, nikapanda juu mpaka mwaka ule. Seli tupu. Nikapanda tena. Tupu. Tupu mpaka juu.

Mzee akasema taratibu, wala hakunicheka: "Basi hazikuzaliwa mwaka ule. Mwaka ule ndio wewe ulioanza kuzihesabu."

Nilisikia pangaboi tu. Mtu mmoja aliirudisha sambusa kwenye sahani. Mkuu wangu alikuwa anatazama saa yake, na saa ile, najua mie, ilikuwa haifanyi kazi tangu Ramadhani.

Hakunigombeza. Asubuhi yake alipita mezani kwangu akauliza, "Ule mruko, upo bado?" akaenda zake. Kuna watu mpaka leo wananiita Bi Mruko, na wengine wao ni vijana ambao siku ile walikuwa darasa la tatu.

Sasa niongeze la mwisho, ambalo hata yule mzee hakuligundua. Wiki moja baadaye, nikilipanga upya lile faili, niliona kwamba majedwali ya zamani yalikuwa ya mwisho wa Juni na yale mapya ya mwisho wa Disemba. Mwaka wangu wa kiungo ulikuwa na miezi 18. Nilifunga mlango wa ofisi, nikarekebisha, na leo ndiyo mara ya kwanza namwambia mtu.

Dawa yake: andika M2 au M3 kwenye jina la safu pamoja na mwezi, tafuta miaka ambayo mfululizo wa zamani na mpya zote zipo, unganisha kwa viwango vya ukuaji, na pale kwenye kiungo chora mstari wa wima kila mtu auone.

5. Usijumlishe pesa za simu juu ya M3. Salio la kwenye simu lina fedha zake zilizowekwa benki kwenye akaunti za udhamini, zimeshahesabiwa humo.

6. Angalia milioni na bilioni. Sina la kuongeza.

7. Linganisha mwezi na mwezi wake wa mwaka jana. Fedha taslimu nje ya mabenki zina msimu: Sikukuu, mavuno, ada za skuli. Mie kwetu Wete, na mwenye kutaka kuona mahitaji ya fedha taslimu kwa macho yake aende Pemba karafuu zikiiva. Mchumaji analipwa kwa pishi jioni ile ile, mkononi, na mama yangu noti za wachumaji huzifunga kwenye kanga, mafungu mafungu, kila fungu na fundo lake. Noti zile zikirudi mjini zinanukia karafuu. Sasa wewe chukua mwezi kama huo ulinganishe na mwezi uliotangulia, kisha uniletee neno "mshituko".

8. Ujazi ukikua, usikimbilie kulia mfumuko wa bei. Mlinganyo wa Fisher mmeusoma wote, fedha mara kasi ya mzunguko ni sawa na bei mara uzalishaji, lakini mnausoma kama una herufi 2. Fedha zimeongezeka kwa asilimia 12, uzalishaji kwa 6, bei kwa 4. Zile 2 ziko wapi? Kasi ya mzunguko imepungua: watu wameingia benki, wanakaa na fedha zaidi kwa kila shilingi ya pato. Katika nchi ambayo wengi walikuwa hawana akaunti, hilo linaweza kuendelea miaka na miaka. Ndani ya miaka ya 2000 ilitokea ujazi ukue kwa zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka huku mfumuko ukibaki tarakimu moja. Halafu Disemba 2011 mfumuko ukafika asilimia 19.8, na hapo chakula na mafuta vilikuwa na mkono mkubwa. Kwa miaka 40 fedha na bei ni ndugu wa damu. Kwa mwaka mmoja wanaweza wasiamkiane.

9. Tangu Januari 2024 Benki Kuu inaendesha sera kwa riba yake, ikaanzia asilimia 5.5. Atakayeniandikia tena kwamba inalenga kiwango cha ujazi, nitajua amenakili disa ya kaka yake.

Tukirudi kwa kijana wangu wa juzi: nilimwambia aubadilishe mhimili uwe wa logi. Akabofya. Mnazi ukalala, mstari ukanyooka, na sababu zake 5 zikabaki hazina kazi. Nilimuonea huruma kidogo. Akauinamia mstari, akauweka kidole katikati, palipobaki kingazi kidogo kama cha mguu.

"Na hapa, Bi? Hapa kweli pameruka."

Nikamwambia afungue faili, tutazame jina la safu.

"Ujazi," akasoma.

Nikaagiza chai ya pili.