Maswali ya gereji: Sensa inafuata kontrol boksi

Wiki hii karibu foleni nzima ni ya sensa za oksijeni, zile za kwenye ekzosi zinazopima kama mafuta yamezidi au yamepungua, na wengi wa waulizaji wametoa injini ya kawaida wakaweka yenye tabo, feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi kuisukumia injini hewa. Nimechagua machache. Yale ya "taa imewaka, nifanyeje" bila aina ya gari, bila injini, bila hata kodi iliyosomwa kwenye mashine, nimeyaacha yalipo.

"Nina Toyota GX110, nimetoa injini ya 1G-FE nimeweka 1JZ-GTE VVT-i ya tabo. Sensa ya zamani imeingia vizuri kabisa kwenye ekzosi mpya. Niendelee nayo?" (Tabata)

Kuingia si hoja. Sensa nyingi za oksijeni zina uzi wa skrubu wa milimita 18, kwa hiyo ya Corolla, ya Forester na ya BMW zote zitaingia kwenye tundu hilo na zitakaza vizuri tu.

Swali ni hili: kontrol boksi ipi, yaani kompyuta ipi, inaendesha injini hiyo? Hiyo ndiyo inayosoma sensa, na kila boksi limezoeshwa lugha moja. Narobendi, yaani sensa ya oksijeni ya kawaida, inatoa volti yake yenyewe: karibu 0.1 hewa ikizidi, karibu 0.9 mafuta yakizidi, na inaruka ghafla pale kwenye 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli. AF sensa ya Denso, ile ya kupima uwiano wa hewa na mafuta, ambayo Toyota nyingi za miaka ya 2000 zinayo, ina umbo lile lile na waya nne zile zile, lakini kontrol boksi inaisoma kwa mkondo mdogo wa umeme unaopita ndani yake. Ukiweka moja mahali pa nyingine, boksi litasoma upuuzi na kulisha injini mafuta ya kubahatisha.

Usihesabu waya. Soma namba. Spea ya Toyota inayoanza na 89465 ni sensa ya oksijeni ya kawaida. Inayoanza na 89467 ni AF. Namba ikiwa imefutika, chukua testa, pima waya mbili za hita sensa ikiwa imepoa: narobendi ya Toyota hukaa kwenye omu 11 hadi 16, AF huwa chini ya 4. Tofauti hiyo ina maana nyingine pia: hita ya AF inavuta umeme mwingi zaidi, na ukiiunganisha kwenye boksi lililotengenezewa narobendi unaweza kuunguza njia ya hita ndani ya boksi lenyewe.

Na nitarudia, hata kama mmechoka kulisikia. Ukinunua injini ya Japani, ichukue na kontrol boksi yake, waya zake na sensa zake, hata zilizokufa. Sensa iliyokufa bado ina namba. Wauzaji wanakata waya kwa plaizi ili injini ikae vizuri sakafuni, boksi wanaliuza kama kitu cha pembeni, na wewe unaondoka ukijiona mjanja kwa kuokoa hela kidogo. Mwezi wa pili uko kwangu.

"Sensa gani ni nzuri kwa injini ya tabo?" (Mwanza)

Nenda duka la dawa umwambie muuzaji akupe dawa nzuri. Akikuelewa, niandikie tena.

"Nimenunua sensa ya kuunga, isiyo na plagi ya gari, waya nne kama ya zamani. Fundi umeme kaunga rangi kwa rangi. Haikumaliza wiki." (Arusha)

Haikumaliza hata dakika, ila wewe umejua baada ya wiki. Gari la namna hiyo nililifungua mwezi uliopita. Chini ya tepu nyeusi nilikuta nyaya zimesokotwa kwa vidole: nyeusi ya gari kwa nyeusi ya sensa, nyeupe kwa nyeupe, bluu imepewa kijivu, na nyeusi ya pili ya gari imepewa nyeupe iliyobaki. Unadhifu wa ajabu. Tatizo ni kwamba kwa Denso nyeusi mbili ni hita, bluu ni taarifa na nyeupe ni hasi ya taarifa. Kwa Bosch na NTK nyeupe mbili ndizo hita, nyeusi ni taarifa, kijivu ni hasi. Yaani umeme wa betri, volti 12 na zaidi, ulipelekwa moja kwa moja kwenye waya wa taarifa wa kitu kinachofanya kazi chini ya volti moja.

Sensa ya kuunga si mbaya. Unga kwa kazi, si kwa rangi. Na usichome risasi kwenye viungo. Tumia viungio vya kubana. Sensa nyingi huvuta hewa safi ya kulinganishia kupitia katikati ya nyuzi za waya, na risasi au grisi huziba njia hiyo.

"Nina Forester ya tabo, nataka geji ya waidibendi, ile inayoonyesha uwiano kamili wa hewa na mafuta. Niiweke kabla ya tabo ili isome haraka?" (Nakuru)

Hapana. Kabla ya tabo kuna mgandamizo unaopotosha usomaji, na joto linaloimaliza sensa mapema. Iweke kwenye bomba baada ya tabo, sentimita 60 hivi mbele yake, kabla ya masega ya kusafisha moshi, ikiwa imeinama kidogo ncha ikitazama chini. Asubuhi bomba lina maji. Tone moja likigonga kauri iliyo moto, imepasuka. Geji yako ikitaka sensa ya Bosch LSU 4.9 usinunue 4.2 kwa sababu ni rahisi, na injini ikiwaka sensa iwe na umeme. Kuiacha ndani ya ekzosi ikiwa imechomolewa ni kuipaka masizi bure.

Uamuzi wako lakini ni sahihi. Tabo ikisukuma unataka kuona 11 hadi 12 za hewa kwa 1 ya petroli, na huko narobendi haioni kitu zaidi ya kukwambia "mafuta mengi". Kontrol boksi nyingi zenyewe huacha kuisikiliza mguu ukikandamiza. Kwa hiyo wale mnaobadilisha sensa mkitegemea itaokoa pistoni wakati nozeli ni ndogo au pampu imechoka, hela hiyo nunueni pampu.

"RB25DET ya Skyline R33. Tundu ni dogo, nipanue iingie sensa ya kawaida?" (Dodoma)

Weka drili chini! Tundu dogo hivyo kwa kawaida ni la sensa ya titania, uzi wa skrubu wa milimita 12. Haitoi volti, inabadilisha ukinzani tu. Ukipanua utakuwa na tundu kubwa na boksi lisiloelewa chochote. Ila kama umeshaweka kontrol boksi nyingine, fuata inachotaka hiyo.

"Kuna rafiki ananipatia mafuta ya ndege ya mashindano. Sensa itavumilia?" (Nairobi)

Mafuta ya ndege za pistoni yana risasi. Sensa itakufa na masega yatafuata. Siliconi ya kawaida ya gasketi nayo ni sumu kwake; tafuta iliyoandikwa kuwa ni salama kwa sensa.

"Nikiichomoa kabisa gari linatembea. Si niache hivyo?" (Mbagala)

Linatembea, ndiyo. Nusa ekzosi yake, kisha kanuse kijiti cha oili: petroli kotekote.

"Naweza kuiosha kwa petroli na brashi ya waya?" (Morogoro, mara ya tatu)

Hapana, kama mara mbili za kwanza.