Kabla hujanunua rangi, kakae jikoni kwa mtu

Vijana wa hapa Mwanza wanaotaka kubuni seti za maigizo na filamu, yaani kutengeneza mahali pa kuigizia, huniuliza waanze kwa kununua nini. Usinunue kitu, mdogo wangu. Nenda kwanza ukakae jikoni kwa mtu.

Seti yangu ya kwanza ilikuwa jiko la mama muuza samaki. Nilipaka weusi katikati ya ukuta, nikaona inatosha. Siku ya mazoezi bibi mmoja wa jirani akaniuliza, "Mwanangu, huyu anapikia wapi?" Sikuwa na jibu. Kesho yake nikaomba kukaa jikoni kwa mama mmoja Igogo, tangu anawasha moto hadi anaepua ugali. Masizi yalianzia juu kidogo ya mafiga, yakapanda yakitanuka, na chini ya bati yakawa mazito kama lami. Kwenye fremu ya mlango kulikuwa na alama ya mafuta pale anaposhika akiingia na ndoo kichwani. Nilipima hata kigoda chake.

Ukuta wa udongo huwa nautengeneza hivi: rangi ya maji, gundi nyeupe ya mbao, pumba laini za mbao na udongo uliochekechwa. Pakaa kwa kiganja, maana brashi inaacha mistari. Ukikauka, sugua unga wa mkaa kwa kitambaa kikavu, kuanzia motoni kwenda juu.

Jukwaani mtazamaji yuko mbali, kwa hiyo kivuli cha kuchora kinapita kama ufa. Kamera haikubali. Inaona kichwa cha msumari, na ukuta mweupe pe unaiumiza, uchafue kidogo. Inakumbuka pia: kijana wetu aliwahi kusugua sufuria ya kuazima kwa majivu, kwa heshima tu, ikawa haifanani tena na ile tuliyokwisha kuirekodi, tukalazimika kurudia kazi ya nusu siku. Piga picha kila kitu kabla watu hawajaondoka kwenye seti.

Lakini kinachoninyima usingizi ni upepo. Ufukweni asubuhi ziwa limelala. Jua likishapanda, nchi kavu inapata moto haraka kuliko maji, na upepo unaanza kuingia kutoka ziwani. Tulikuwa tumesimamisha plaiwudi mbili za futi 8 kwa 4, zimeegemezwa kwa kipande kimoja cha mbao. Saa nane mchana zikageuka tanga. Ukuta ulianguka pale pale alipokuwa amekaa mwigizaji wetu. Alikuwa ameinuka kwenda kunywa maji.

Tangu siku hiyo kila ukuta wangu una mihimili ya pembetatu nyuma, na juu ya kila mguu kuna kiroba cha mchanga. Bajeti ikiwa ndogo, napunguza vyombo, viroba sipunguzi. Na kabla mwigizaji hajaitwa, nazunguka mwenyewe, nasukuma kila ukuta kwa bega.