Kupima ufanisi wa gharama wa benki: amueni kwanza kuhusu amana

Wengi mnaoanza tasnifu pale IFM (Chuo cha Usimamizi wa Fedha) au Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) mnakimbilia uwiano wa gharama kwa mapato, kwa kuwa ni rahisi kuukokotoa. Uangalieni, ila msiishie hapo. Benki ikipandisha riba ya mikopo na makato, mapato yanaongezeka na uwiano unashuka, hata kama matumizi hayajapungua hata shilingi. Hapo umepima nguvu yake sokoni.

Ndiyo maana tunatumia mbinu za mpaka, ambapo kila benki inapimwa dhidi ya zile zinazotoa huduma zilezile kwa gharama ndogo zaidi. DEA (data envelopment analysis), iliyoletwa na Charnes, Cooper na Rhodes mwaka 1978, haikulazimishi kuchagua umbo la fomula ya gharama, kwa hiyo inavumilia sampuli ndogo. Lakini haina nafasi ya bahati mbaya: tofauti yote inaitwa uzembe. Tena, ukijaza vigezo vingi kwenye benki chache, nyingi zitapata alama 1, yaani ufanisi kamili, na hutajifunza kitu. SFA (stochastic frontier analysis), ya mwaka 1977, inatenganisha uzembe na kosa la nasibu, yaani mambo ya bahati tu, ila umbo la fomula unalichagua mwenyewe, na benki zikiwa chache inataka data ya miaka kadhaa.

Kinachobadilisha matokeo zaidi, kwa maoni yangu, ni amana. Ukiziita malighafi, riba wanayolipwa wenye amana lazima iingie kwenye gharama. Ukiziita huduma, riba hiyo inatoka, na benki yenye matawi mengi mikoani inayokusanya amana ndogondogo inaweza kupanda ghafla. Amua kabla ya kufungua programu, na uandike sababu.

Data msiidharau. Taarifa za robo mwaka zinazochapishwa magazetini zina gharama za wafanyakazi na idadi yao. Gawanya, unapata bei ya kazi, yaani gharama ya mfanyakazi mmoja. Angalia safu tu: ukichukua robo ya tatu kwa benki moja na jumla tangu Januari kwa nyingine, mishahara ya hiyo ya pili itaonekana karibu mara 3.

Mkishapata alama, linganisheni nafasi za benki kwa kipimo cha Spearman, kinachoonyesha kama mbinu hizo mbili zinazipanga benki kwa mfuatano unaofanana. Benki iliyoongoza kwenye DEA ikaburuza mkia kwenye SFA, fungueni hesabu zake zilizokaguliwa, mstari kwa mstari, kabla hamjaandika sura ya nne.