Mleta uzi wa Ujiji, mdogo wako asikiri chochote Alhamisi

Umeuliza kama wanaokamatwa na bangi wanastahili jela au tiba, ukauliza kama mdogo wako aliyekamatwa nayo anaweza kupelekwa kwenye tiba ya methadoni, halafu mwishoni ukachomekea kwamba kuna mtu amewashauri kijana akiri kosa Alhamisi "hakimu amwonee huruma, apigwe faini, yaishe." Wachangiaji wote wamekimbilia lile la jela na tiba. Mimi nimefika hapo mwishoni chai ikanipalia.

ASIKIRI. Asiseme "ni kweli" kwa shtaka ambalo hamjui kifungu chake na uzito wa adhabu yake.

Sisi tulishauriwa hivyo hivyo. Mdogo wangu alikuwa bodaboda, akapewa hela apeleke mfuko wa mtu upande wa Kasulu. Hakuufungua. Akasimamishwa njiani, ndani zikakutwa kilo mbili za bangi. Nje ya mahakama tukampata mzee mmoja mwenye bahasha ya kaki kwapani na kalamu mbili mfukoni, kila karani anamsalimia kwa jina. Basi tukaona huyu ndiye. Kumbe hata wauza karanga wa pale wanamsalimia. Akala hela ya madumu ya mawese ya mama, akasema mawakili wana tamaa, watatuchuna bure, kijana aseme tu "ni kweli" na apige magoti akiweza. Kishoka mkubwa yule, tapeli anayejifanya wakili! Leo nikikutana naye Mwanga sokoni navuka barabara, si kwa kumwogopa, naogopa mikono yangu.

Shtaka likasomwa: kusafirisha dawa za kulevya. Sisi tunajua kusafirisha ni kupitisha mpakani au kujaza boti pale Kibirizi. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 haisemi hivyo. Humo kusafirisha ni pamoja na kuuza, kutunza, kupeleka, hata kuwa nayo tu. Na kifungu kilichoingizwa na marekebisho ya 2017, wakati ule kikiwa cha 15A, kinasema bangi isiyozidi kilo 50 ni miaka 30. Soma tena hapo. Isiyozidi 50, maana yake kilo mbili zimo.

Dogo akajibu "ni kweli." Wakasoma maelezo ya kosa, mfuko ukaonyeshwa umezungushiwa gundi ya karatasi, kila akiulizwa anaitikia kama mtoto wa madrasa. Hakusema mzigo si wake. Hakusema hakujua kilichomo. Tulimwambia sisi asiseme, tusimuudhi hakimu! Miaka 30 ikasomwa, mama akaniuliza "thelathini nini?" Nikamwambia twende nje kwanza. Anayetaka kunicheka apange foleni nyuma ya mke wangu, yeye kaanza zamani.

Tukakimbilia kukata rufaa. Hapo ndipo wakili, wa kweli sasa, akatufungulia kifungu cha 360 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai: aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe hana rufaa ya kupinga hatia, anabaki na ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Mlango mwingine ni kuonyesha kwamba kule kukiri kwenyewe hakukueleweka, na ni mwembamba. Yale ambayo mawakili huyauliza, nani alisaini hati ya ukamataji, shahidi huru alikuwepo, mzigo ulilala wapi kabla ya kufika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kupimwa, kwetu hayakuulizwa hata moja. Kuna watu wameachiwa na mahakama za juu kwa sababu ya hayo tu.

Kukana si kumtukana hakimu wala si kusema uongo. Ni kuiambia Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ithibitishe, na kijana apate nafasi ya kueleza la kwake.

Kuhusu methadoni, hiyo ni dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini. Muhimbili walianza kuitoa 2011, mtu akinywa kila siku mbele ya mhudumu. Kwa bangi haina kazi.

Jela au tiba nina maoni yangu, tena makali, kwa sababu mwenye ule mfuko yuko mtaani mpaka leo. Tutabishana baada ya Alhamisi. Kesho asubuhi nendeni mkapate nakala ya hati ya mashtaka. Kama hamna hela ya wakili, ombeni msaada wa kisheria, upo kwa sheria ya 2017, na kijana mwenyewe anaweza kumwambia hakimu anauhitaji. Mkiambiwa mtoe chochote cha dhamana ya polisi, dhamana ni bure.

Usiku huu tuandikie hapa: kifungu gani na gramu ngapi? Na huyo mshauri wenu, mmeshampa shilingi ngapi?