Mwanangu, hukudekezwa

Masasi, Mtwara

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Sisi wazima, tumo kwenye kupulizia mikorosho salfa; mwaka huu ugonjwa wa ubwiriunga umewahi.

Umeniuliza swali zito. Tangu umalize chuo hapo Dodoma unatuma maombi ya kazi huitwi, usingizi huna, na wenzako waliokosa kama wewe wanacheka tu. Je, ni malezi? Tulikudekeza ukakosa ustahimilivu?

Hapana. Malezi yana mkono wake, lakini si pale unapotafuta wewe. Kumbuka likizo zile ulipokuwa ukiuza korosho stendi. Basi la Dar likisimama unakimbilia dirishani na sinia, abiria anakufungia kioo usoni, unahamia dirisha la pili. Umekataliwa na basi zima, unarudi unapiga mluzi. Aliyedekezwa hayawezi hayo. Ila nyumbani hakuna aliyekungoja kwa hesabu. Nilikupokea sinia nikakuuliza kama umekula.

Sasa kila simu ya huku inaanza na "vipi, umepata?" Wajomba, shangazi, hata jirani. Na wewe moyoni unapiga hesabu ya korosho tulizouza mnadani kukulipia hosteli. Nadhani hicho ndicho kinachokunyima usingizi kuliko usaili wenyewe: unaogopa kutuangusha. Huyo mwenzako anayecheka, huenda kwao hawamuulizi.

Basi sikia. Pesa ile ya korosho hatukukukopesha. Deni lako liko Bodi ya Mikopo, nao hukata asilimia 15 ya mshahara, mshahara wenyewe ukiwepo. Wajomba nitawajibu mimi. Baba yako alitaka kumpigia mtu wake wa bandarini akuombee nafasi. Nimemwambia akuulize wewe kwanza. Mtoto anayetafutiwa kila kitu huishia kuamini hawezi. (Hili nawaambia hata walimu wenzangu, wananiona mkali.)

Maombi unaweza kutuma hata ukiwa huku, Ajira Portal, ile tovuti ya kuombea kazi za serikali, inafunguka kwenye simu. Na anayekuomba hela akuingize kwenye orodha ya usaili ni tapeli. Sekretarieti ya Ajira hawatozi. Ukitaka kuja, njoo. Ukitaka kubaki hapo kujitolea, hela ya chakula tutatuma mpaka msimu wa korosho ufunguliwe Oktoba, halafu tutaangalia tena. Umeamua lipi, niandikie. Usipige, simu anaipokea baba yako.

Mama yako