Pale Pasipo na Damu ya Kupima

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza: kama DNA, yaani vinasaba vya mtu vilivyomo kwenye damu au mate yake, inaweza kumtoa gerezani mtu asiye na hatia, ya nini kuhangaika na taratibu za polisi? Si tupime tu?

Mwangalie Kirk Bloodsworth wa Maryland, Marekani. Mwaka 1985 alihukumiwa kifo kwa mauaji ya mtoto wa kike wa miaka 9. Mashahidi watano walisema wamemwona. Watano! Hata mimi ningeamini. Akiwa gerezani alisoma habari za kesi ya Uingereza ambamo kijana wa miaka 17 alikiri kuua, na mwaka 1986 kipimo kipya cha DNA cha mwanasayansi Alec Jeffreys kikaonyesha kwamba siye. Bloodsworth naye akaomba kipimo, na mwaka 1993 akaachiwa huru. Muuaji alitambuliwa mwaka 2003 kupitia kanzidata ya DNA. Kumbe waliwahi kufungwa gereza moja.

Sasa tazama vizuri. Kijana yule alikiri mwenyewe. Mashahidi wale si kwamba walitunga uongo. DNA ilimnusuru mtu, lakini pia ilituonyesha kosa linavyopikwa, na jiko lenyewe ni kituo cha polisi. Kesi nyingi za uporaji au za risasi hazina mate wala damu ya kupima. Mshtakiwa wa huko ataokolewa na nini?

Chukua gwaride la utambulisho, pale shahidi anapoonyeshwa watu waliopangwa mstari ili amtaje aliyemwona. Askari anayelisimamia asijue mtuhumiwa ni nani, maana anayejua hujisaliti, hata kwa jicho tu. Shahidi anasitasita, anasema, "Nadhani namba tatu." Askari anajibu, "Vizuri." Basi! Miezi kadhaa baadaye shahidi huyo huyo anaapa mahakamani kwamba hana shaka hata chembe. Ndiyo maana ile "nadhani" iandikwe palepale, na kabla ya yote aambiwe kwamba huenda mhalifu hayumo kwenye mstari.

Mahojiano nayo yarekodiwe tangu mtu anapoketi, si pale anapokiri tu. Ukirekodi mwisho peke yake, utamsikia mtu ametulia akitaja rangi ya shati la marehemu. Hutamsikia aliyemtajia rangi hiyo saa nyingi nyuma. Jimbo la Illinois, Marekani, lilipitisha sheria ya kurekodi mahojiano ya kesi za mauaji mwaka 2003.

Wapo wanaosema huko ni kuwadekeza wahalifu. Hoja hiyo hunichosha. Asiye na hatia akifungwa, jalada linafungwa naye, na aliyetenda hatafutwi tena.

Ukinitaka nichague pa kuanzia, nitachagua kinasa sauti kabla ya maabara. Ni rahisi kupatikana, na askari mwadilifu kinamlinda pia siku atakaposingiziwa kwamba alimpiga mtu.

Baba yako