Barua kwa Zuhura: mkate, njiwa na maneno ya wanafalsafa

Mwanangu Zuhura,

Salamu zako zimefika, na swali lako pia. Unasema mmebishana chuoni: wenzako wanashikilia kwamba vitabu vya wanafalsafa akina Voltaire na Rousseau ndivyo vilivyoupindua ufalme wa Ufaransa, wewe ukashikilia kwamba ni njaa. Kisha ukaongeza la pili, ambalo naona ndilo linalokukera hasa: walioandika kwamba watu wote huzaliwa huru, mbona waliendelea kutia kwenye kahawa yao sukari iliyolimwa na watumwa?

Tuanze na njaa. Ilikuwepo, tena kali. Tarehe 13 Julai 1788 mvua ya mawe iliharibu ngano sehemu kubwa ya Ufaransa, na baridi iliyofuata ilikuwa mbaya mno. Mapema 1789 mkate wa ratili nne, uliokuwa ukiuzwa Paris kwa sou 8 au 9 (sou ni sarafu yao ndogo ya siku hizo), ulifika sou 14 na nusu. Kibarua alipata sou 20 hadi 30 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe ya mtu mwenye watoto wanne. Serikali nayo ilikuwa hoi kwa madeni, mengine yakiwa ya kuwasaidia Wamarekani kupigana na Uingereza, huku makabaila na Kanisa wakifaidi misamaha ya kodi ambayo mkulima hakuiota.

Lakini njaa haikuwa ngeni kwao. Mwaka 1775 bei ya nafaka ilipanda vilevile, zikazuka ghasia huku na huko hata zikaitwa Vita vya Unga. Walitaka nini? Mfalme ashushe bei, basi. Jeshi likaingia, watu wawili wakanyongwa hadharani Paris, mambo yakapoa. Miaka 14 baadaye tumbo ni lile lile, ila sasa wanadai katiba. Hapo ndipo wenzako wana hoja, na usiwanyime.

Wewe nawe una yako. Masika ya 1789 mfalme aliagiza kila parokia iandike daftari la malalamiko. Vijijini hawakumtaja Rousseau, wengi hata kusoma hawakujua. Walilalamikia kodi ya chumvi, na walilalamikia njiwa. Kufuga njiwa kwenye mabanda makubwa ilikuwa haki ya kabaila. Njiwa wakishuka shambani wanakula mbegu, na mkulima haruhusiwi kumuua hata mmoja. Waliopeleka madaftari hayo mbele, kwenye mkutano ulioanza Mei pale Versailles, walikuwa kwa sehemu kubwa wanasheria na maofisa wa mahakama, watu waliowasoma wanafalsafa kama Montesquieu na Rousseau. Ndio waliogeuza kero ya mbegu kuwa suala la haki. Usiku wa tarehe 4 Agosti haki za ukabaila zilifutwa, na katika amri iliyoandikwa baadaye, ibara ya 2 nzima ni ya njiwa: wafungiwe nyakati zitakazopangwa na jamii ya mahali, na wakikutwa nje katika nyakati hizo kila mtu ana ruhusa kuwaua kwenye ardhi yake. Wiki tatu tu baada ya usiku ule, tarehe 26 Agosti, likatoka Tamko la Haki za Binadamu na za Raia. Ndiyo maana sikubali kwamba vitabu peke yake vilileta mapinduzi, na njaa peke yake pia siikubali. Njaa iliwatoa watu majumbani. Vitabu viliwapa sababu ya kutorudi baada ya bei kushuka.

Nikiwa karani mstaafu wa mahakama, niruhusu nimpendelee kidogo Montesquieu. Kitabu chake cha 1748 ndicho kilichoeneza hoja ya mihimili mitatu, kwamba anayetunga sheria asiwe ndiye anayehukumu. Ibara ya 16 ya Tamko inasema wazi kwamba jamii isiyo na mgawanyo wa madaraka haina katiba. Ajabu ni kwamba mzee huyu mwenyewe alirithi kiti chake cha ujaji huko Bordeaux kutoka kwa ami yake, akakikalia miaka kama kumi, kisha akakiuza. Siku hizo viti vya mahakama viliuzwa kama viwanja.

Sasa hilo la utumwa. Locke, mwanafalsafa Mwingereza aliyefundisha kwamba serikali hupata mamlaka yake kwa ridhaa ya watu, alikuwa amenunua hisa katika Royal African Company, kampuni iliyosafirisha watumwa. Jefferson aliandika mwaka 1776, katika tamko la uhuru wa Marekani, kwamba watu wote wameumbwa sawa, na katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Rousseau aliupinga utumwa kwa ukali katika kitabu chake cha 1762, lakini humo hukuti habari za mashamba ya miwa, na kuhusu wanawake aliona kazi yao ni kumpendeza mwanamume. (Olympe de Gouges, mwandishi wa kike wa Ufaransa, alitoa tamko la haki za wanawake mwaka 1791. Miaka miwili baadaye alikatwa kichwa kwa gilotini, kwa maandishi yake ya siasa.)

Usikimbilie kusema ni unafiki tu. Soma Tamko lile mpaka mwisho. Ibara ya 1 inasema watu huzaliwa huru na sawa. Ibara ya 17, ambayo ndiyo ya mwisho, inasema mali ni haki takatifu. Wenye mashamba ya miwa ya Saint-Domingue, koloni la Ufaransa huko Karibi ambalo leo ni Haiti, waliishika ya 17, kwa sababu kwao mtumwa alikuwa mali. Watumwa wa huko walikuwa karibu 500,000, na uasi wao ulianza Agosti 1791. Wala usidhani walingoja kumsoma Rousseau. Wengi wao walizaliwa Afrika. Macaya, kiongozi mmojawapo, alipotakiwa mwaka 1793 ajiunge na Jamhuri alijibu kwamba yeye ni raia wa wafalme watatu, wa kwanza akiwa mfalme wa Kongo. Mwaka huo huo mjumbe wa Ufaransa alitangaza uhuru wa watumwa kule kisiwani kwa kuwa hakuwa na njia nyingine, na Paris ikaufuata tarehe 4 Februari 1794. Napoleon alipotuma jeshi kuurudisha utumwa, alishindwa, na Haiti ikawa huru tarehe 1 Januari 1804. Mwaka 1825 Ufaransa iliidai Haiti faranga milioni 150 kuwafidia waliokuwa wenye mashamba. Ibara ya 17 hiyo, tena ikidaiwa kwa manowari.

Na hili ni la pwani yetu. Septemba 1776, Jefferson hajamaliza hata miezi mitatu tangu tamko lake, Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa: watumwa 1,000 kila mwaka, piasta 20 (sarafu za fedha) kwa kila mmoja, kwa muda wa miaka 100. Soko lake kubwa lilikuwa kisiwa tunachokiita leo Morisi, wakati huo koloni la Ufaransa. Wajumbe wa Paris walipofika huko mwaka 1796 na sheria ya kufuta utumwa, walowezi waliwapakia melini na kuwafukuza. Sheria ilikuwa ile ile iliyotumika Saint-Domingue, lakini hapa bunduki zilikuwa mikononi mwa wenye mashamba. Watu wetu kule walisubiri mpaka 1835, chini ya Waingereza.

Nenda na hayo kwenye mjadala wenu, uniambie watasemaje. Mama yako anakusalimu, na anasema umpigie shangazi yako, amekuulizia mara nyingi.

Baba yako